Mapokezi ya Wakimbizi: Yale Ambayo Nchi Hufundishana

Wakazi wa Nyakahura waliokuwa watu wazima mwaka 1994 hawahitaji kuelezwa maana ya neno mkimbizi. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka huo, takriban watu 250,000 kutoka Rwanda walivuka Daraja la Rusumo kwa muda wa karibu saa 24 na kuingia Wilaya ya Ngara. Benaco ikageuka mji ndani ya siku chache. Miti ilikatwa kwa ajili ya kuni na ujenzi, na wenyeji wakalazimika kwenda mbali zaidi kutafuta kuni zao wenyewe. Kambi zile zilifungwa mwishoni mwa 1996; ile ya Lukole, iliyohifadhi Warundi, ikafungwa 2008.

Tangu wakati huo nchi nyingi zimejiuliza swali lililoulizwa pia vijijini: mwenyeji anapata nini? Uganda ilijibu mapema. Sheria yake ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na katika makazi kama Nakivale hupewa kipande cha ardhi alime. Aidha, utaratibu wa nchi hiyo unataka asilimia 30 ya misaada iwafikie wenyeji, hivyo zahanati, kisima na darasa hutumiwa na pande zote mbili. Utaratibu huo hauko bila dosari. Idadi ya wakimbizi imepita milioni moja na nusu, viwanja vimepungua ukubwa, na fedha za wafadhili hazikui kwa kasi ya wanaowasili.

Kenya ilichukua njia inayofanana huko Kalobeyei, Kaunti ya Turkana, makazi yaliyopangwa kuanzia 2015 kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji kwa pamoja. Badala ya kugawiwa mahindi pekee, familia zilipokea fedha za chakula kwa njia ya simu na kununua kwa wenye maduka, hivyo sehemu ya msaada ilizunguka katika biashara za hapo hapo.

Mbali zaidi, Kanada iliruhusu tangu miaka ya 1970 kundi la raia wa kawaida, hata watano tu, kudhamini familia moja ya wakimbizi: nyumba, shule na gharama za mwaka wa kwanza. Uingereza iliiga mpango huo mwaka 2016. Mambo ya namna hii ndiyo hujadiliwa katika Jukwaa la Kimataifa la Wakimbizi, lililokutana Geneva Desemba 2019 na tena Desemba 2023.

Tanzania nayo imekuwa mwalimu. Mwalimu Nyerere alitunukiwa Tuzo ya Nansen mwaka 1983, na mwaka 2014 Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbia machafuko ya 1972, wengi wao wakiishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walipewa uraia. Ni nchi chache zilizothubutu kiasi hicho. Hata hivyo, Januari 2018 Serikali ilijitoa katika mpango wa Umoja wa Mataifa uliofanana na ule wa Uganda, ikitaja usalama na uhaba wa fedha. Uamuzi huo ulilaumiwa na wengi, lakini hoja ya fedha ilikuwa ya kweli: ahadi za wafadhili hazichimbi kisima.

Kwa mkazi wa kata, sheria inayotumika ni ile ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Anayeingia nchini kuomba hifadhi anatakiwa kujitambulisha ndani ya siku saba kwa afisa aliyeidhinishwa au kwa mtendaji wa kijiji, na huishi katika eneo lililotengwa. Anayebisha hodi usiku na watoto apewe maji na mahali pa kulala. Asubuhi apelekwe kwa mtendaji, asifichwe shambani kuwa kibarua wa bei rahisi.

Jambo moja husahaulika. Kihangaza na Kishubi vinakaribiana sana na Kirundi, na lafudhi ya mtu haionyeshi uraia wake. Aliyepewa cheti cha uraia ni Mtanzania kamili: hupiga kura, hugombea uongozi na hutibiwa kama jirani yake.