Mwenye Kupitisha Bakuli Naye Anywe



Muhula uliopita, baada ya swala ya Alasiri, alitujia binti mmoja anayesoma chuo kikuu hapa mjini. Babake ni mvuvi, mamake huuza mahamri asubuhi. Yeye mwenyewe amepanga chumba kimoja na wenziwe wawili, na kila Jumamosi huja kuwasomesha watoto wadogo wa madrasa yetu bila ya ujira.

Siku hiyo hakuja kuomba chochote. Alikuja kutaka idhini ya kuacha kusomesha.

“Maalim, niwie radhi,” alisema. “Mwezi huu sitaweza kuja.”

Tulipomwuliza sababu aliinama. Tulipomsisitiza kwa upole ikadhihirika kwamba hakuwa na nauli, na kwamba kwa siku nne alikuwa akila mlo mmoja tu. Fedha zake za mkopo wa HELB zilikuwa zimeingia wiki tatu nyuma, naye wiki hiyo hiyo akatuma nyumbani zaidi ya nusu yake, kwa kuwa mdogo wake alikuwa amerudishwa kutoka shuleni kwa ajili ya karo. Mama hakumwomba. Yeye ndiye aliyeona haya kushiba ilhali mdogo wake amekaa nyumbani. Kisha akaongeza neno ambalo hatujalisahau: “Na hawa watoto, Maalim, ndio furaha yangu ya wiki nzima.”

Enyi mama zetu na ndugu zetu wasomaji, katika kisa hiki mna misaada miwili iliyotoka katika mkono mmoja. Msaada wa kwanza ulimnyima chakula. Wa pili ulimpa furaha. Ni juu yetu kuelewa tofauti ya misaada hiyo, kwa sababu majumbani mwetu wamo vijana wengi wa namna yake.

Wapo miongoni mwetu wanaosema kwamba mwanafunzi maskini asiombwe lolote, ni wa kupewa tu mpaka amalize masomo. Kauli hii ina huruma ndani yake, lakini pia ina dharau iliyojificha. Mtu anayepokea daima bila ya kutoa huanza kujiona mzigo. Wahenga walikwisha kutuambia: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Wataalamu wa elimu ya nafsi nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walichapisha katika jarida la Science uchunguzi waliofanya nchini Canada. Asubuhi waliwapa watu bahasha zenye dola 5 au 20. Wengine wakaambiwa wazitumie kwa nafsi zao, wengine wazitumie kwa ajili ya wenzao, kabla ya siku kwisha. Jioni, waliotumia kwa ajili ya wengine walikuwa na furaha zaidi, na wingi wa fedha haukuleta tofauti. Mwaka 2013 Aknin na wenziwe wakatoa uchunguzi mpana uliohusisha takwimu za nchi 136, tajiri na maskini, pamoja na majaribio kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Canada na vya jirani zetu Uganda. Katika nchi hizo mbili, waliokumbuka siku walipotumia fedha zao kwa ajili ya mwenzao walijihisi vyema kuliko waliokumbuka kujinunulia vitu vyao. Basi furaha ya kutoa haikuwekewa matajiri peke yao.

Kwetu sisi habari hii si ngeni. Katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina palikuwa na kibaraza kilichoezekwa, kikiitwa Suffa. Hapo waliishi Waislamu mafakiri wasiokuwa na jamaa wala mali, na wengi wao walikuwa wakitafuta elimu. Katika Sahihi ya Muslim, Anas (r.a.) anatusimulia habari za wasomaji wa Qur'ani waliokuwa wakijifunza usiku, na mchana wakiteka maji na kuyaweka msikitini, kisha wakikata kuni na kuziuza, na kwa thamani yake wakiwanunulia chakula watu wa Suffa na mafakiri. Walikuwa wanafunzi, hawakuwa wafanyabiashara, na umaskini haukuwazuia kuwa watu wa kutoa.

Lakini wapo pia wanaokosea kwa upande wa pili. Wanasema kijana akishaingia chuoni amepata “pesa ya serikali”, basi naye abebe nyumba. Wanasahau kwamba fedha za HELB ni deni atakalodaiwa yeye, na kwamba zimekadiriwa kwa masomo na maisha yake ya chuoni. (Hukumu ya mikopo yenyewe si mada yetu leo.) Hapa ndipo msaada unapogeuka mzigo. Hutolewa kwa haya na kwa hofu, hutolewa gizani, nao hupita kiasi cha mtoaji. Qur'ani imetukataza kuufunga mkono shingoni, na papo hapo ikatukataza kuukunjua wote tukabaki tunalaumiwa na kujuta. Salman (r.a.) alipomkuta Abu Dardaa (r.a.) amejinyima usingizi na chakula kwa ibada, alimkumbusha kwamba nafsi yake nayo ina haki juu yake, na Mtume (S.A.W.) akamsadikisha Salman.

Kisa cha Abu Hurayra (r.a.) katika Sahihi ya Bukhari kinayakusanya haya yote. Alikuwa miongoni mwa watu wa Suffa. Siku moja njaa ilimzidi akafunga jiwe tumboni, akakaa njiani. Akapita Abu Bakr, akamwuliza kuhusu aya. Akapita Umar, akamwuliza vivyo hivyo. Aya alikuwa akiijua, alichotaka ni kualikwa chakula, na wote wawili hawakutambua. Alipopita Mtume (S.A.W.) alimwangalia usoni, akatabasamu, akajua. Nyumbani mlikuwa na bakuli la maziwa. Abu Hurayra akaamrishwa kwanza akawaite wenzake wa Suffa, naye awagawie. Moyo wake uliona uzito, kwani maziwa yenyewe yangemtosha nani? Alitii. Akapitisha bakuli kutoka mkono hata mkono mpaka wote wakatosheka. Kisha Mtume (S.A.W.) akamwamrisha aketi anywe, akamrudia tena na tena, mpaka akaapa kwamba hana tena pa kuyapitishia. Mwisho kabisa akanywa Mtume mwenyewe.

Tazameni adabu ya kisa hiki. Maskini mwenye njaa hakunyimwa heshima ya kuwahudumia wenzake, wala hakuachwa arudi na njaa baada ya kuhudumu. Yule binti naye alikuja kuomba idhini kama Abu Hurayra alivyouliza aya, nasi tulikaribia kupita kama waliopita.

Kwa hivyo tunawausia haya.

Mzazi, fedha za chuo zinapoingia, keti na mwanao, hata kama ni kwa simu, muhesabu kwanza kodi ya chumba, chakula na nauli mpaka mwisho wa muhula. Kikibaki, na akitoa kwa ridhaa yake, mwombee baraka. Kisipobaki, mwambie waziwazi kwamba hana la kuonea haya.

Usimwulize “masomo vipi?” peke yake. Mwulize jana alikula nini.

Viongozi wa misikiti na madrasa, wapeni vijana hawa kazi ya kheri, wafundishe watoto hesabu, wawasomee wazee barua na dawa. Lakini nauli yao itoke mfukoni mwa jamii. Na zaka zinapogawanywa, kumbukeni kwamba fakiri na maskini ndio waliotajwa mwanzo, na fakiri anaweza kuwa amebeba mkoba wa vitabu.

Nanyi wanafunzi, changeni unga, mpike sufuria moja, mle pamoja. Asiyekuwa na cha kuchanga aoshe vyombo, asihesabiwe.

Na yule binti? Kwa idhini yake tulimpigia mamake. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Maalim, mimi nilidhani ametuma ziada.” Karo ya mdogo wake imepangiwa kulipwa kidogo kidogo, na jamaa wamechangia. Nauli yake sasa hutoka katika sanduku la madrasa, katika fungu la walimu, kwa kuwa yeye ni mwalimu. Na kila Jumamosi, mmoja wa kina mama wa watoto anaowasomesha humwekea sahani ya chakula cha mchana. Bado anasomesha, na siku hizi hula pamoja na watoto kabla ya kuondoka.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuzisoma nyuso za wanetu kabla hawajalazimika kusema. Amin.