Chokaa, Saruji na Hatima ya Matofali ya Kale: Suala la Kuyatumia Tena katika Eneo la Maziwa Makuu

Makala haya yanajadili swali ambalo sera za ujenzi hulipita haraka: kwa nini matofali ya jengo moja kuukuu huokolewa yakiwa mazima, ilhali ya jengo jirani huishia kuwa kifusi? Aghalabu hutajwa umri wa tofali au ubora wa udongo wake. Hoja yetu ni kwamba kinachoamua zaidi ni kile kilichotiwa baina ya tofali na tofali.

Chokaa huwa ngumu polepole kwa kufyonza hewa ya ukaa, na hata baada ya miaka mingi hubaki laini kuliko tofali lililoiva vizuri. Siku ya kubomoa, mwashi huikwangua kwa tindo na nyundo ndogo, tofali likatoka na pembe zake zote. Udongo mtupu huachia kwa urahisi zaidi. Saruji ya Portland, iliyopewa hataza nchini Uingereza mwaka 1824, ina tabia nyingine. Mchanganyiko wa sehemu moja ya saruji kwa tatu za mchanga huweza kulishinda tofali kwa ugumu, hususan tofali la tanuri la kienyeji. Ukilazimisha kuvitenganisha, kinachovunjika ni tofali.

Hata nchi tajiri hazijaepuka kikwazo hiki. Katika mradi wa nyumba wa Ressourcerækkerne mjini Copenhagen, uliokamilika mwaka 2019, wasanifu walitumia kuta za majengo ya zamani, yakiwemo ya kiwanda cha bia cha Carlsberg. Kwa kuwa saruji haikuachia, kuta zilikatwa kwa msumeno vipande vya mraba, vikapachikwa upya jinsi vilivyo. Ni ubunifu wa kusifiwa, ila unadai mitambo ambayo halmashauri zetu nyingi hazina.

Lubumbashi, mji ulioanzishwa mwaka 1910, hutuonyesha uzito wa jambo hili kwetu. Matofali yake mengi hufinyangwa kwa udongo wa vichuguu na kuchomwa kwa kuni za misitu ya miombo. Tofali linalookolewa, basi, ni kuni ambazo hazikukatwa, na hoja hiyo ingewagusa wapangaji wa bajeti kuliko hoja ya urithi wa kihistoria.

Hata hivyo, si kila tofali lililotoka zima linafaa. Yaliyokuwa katikati ya tanuri na yaliyokuwa pembeni hayakuiva sawa, na ukutani yalichanganywa. Mafundi hugonganisha mawili: yaliyoiva hulia kama kengele, mabichi hutoa mlio mzito. Kipimo cha uhakika zaidi ni kulipima tofali likiwa kavu, kuliloweka kwa saa 24, kisha kulipima tena. Linalokunywa maji mengi lipelekwe kwenye kuta za ndani. Matofali ya vyoo na mazizi hubeba chumvi ambayo baadaye hutokeza juu ya ukuta na kuumenya. Vumbi la chokaa nalo lisuguliwe, la sivyo mchanganyiko mpya hautashika.

Je, turudi basi kwenye chokaa? Kwa nyumba zisizo na ghorofa, mchanganyiko wa 1:2:9, yaani saruji, chokaa na mchanga, hushika vya kutosha na bado huruhusu kubomolewa kwa mkono. Lakini eneo letu limo katika Bonde la Ufa. Tetemeko la Februari 2008 liliharibu nyumba Bukavu na magharibi mwa Rwanda, na lile la Septemba 2016 liliiathiri Bukoba. Kulegeza mchanganyiko bila kuongeza mikanda ya zege ni kuhatarisha uhai ili kuokoa tofali, na hakuna mshauri anayepaswa kulipendekeza hilo.

Hatua isiyo na hatari hiyo iko kwenye kibali cha kubomoa. Kabla ya tingatinga kuingia, mkaguzi achokonoe viungo vya ukuta sehemu kadhaa na kuandika alichokikuta. Palipo na chokaa au udongo, mkataba utenge siku za kazi ya mikono na malipo kwa kila tofali lililosafishwa. Palipo na saruji ngumu, kifusi kipelekwe moja kwa moja kwenye misingi ya barabara.