Sumu iliyofichua siri ya Parkinson

Mwaka 1982 hospitali za kaskazini mwa California zilipokea watu waliokakamaa mwili mzima. Hawakuweza kusema wala kutembea. Dalili zilikuwa za Parkinson, ugonjwa tuliozoea kuuona kwa wazee, ila hawa walikuwa bado vijana, na uliwashukia ghafla. Daktari William Langston na wenzake walifuatilia hadi wakakuta jambo moja linalowaunganisha: wote walijidunga heroini bandia iliyotengenezwa vibaya, ikabaki na sumu iitwayo MPTP.

Ikifika ubongoni, sumu hii hugeuka na kufyonzwa na seli zinazotoa dopamini, kemikali inayoongoza mwendo wa mwili. Humo huvamia mitokondria, chembe ndogo zinazotumia oksijeni kugeuza chakula kuwa nguvu. Sumu huziba hatua moja ya kazi hiyo, na nguvu ikikatika, seli hufa.

Je, mgonjwa ambaye hajawahi kugusa dawa za kulevya? Mwaka 1989 watafiti wa London walipima ubongo wa marehemu waliougua Parkinson, wakakuta hatua ile ile inayozibwa na sumu imedhoofika. Baadaye, mwaka 1998, Wajapani wakatambua kinasaba cha parkini, ambacho kikiwa na kasoro huleta ugonjwa mapema. Kazi yake mojawapo ni kusaidia seli kuziondoa mitokondria zilizochakaa.

Hapo ndipo uzee unapoingia. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nguvu zake. Seli zake nyingi hazibadilishwi, tunazeeka nazo. Mitokondria zikiharibika na usafi ukizembea, madhara hulimbikizana miaka na miaka. Kasoro za namna hii zimeonekana hata kwenye Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu, ingawa huko watafiti bado wanabishana kipi kilitangulia.

Tuwe waangalifu na wauza vidonge vya "nguvu za ubongo". Q10, kirutubisho kinachosaidia mitokondria, kilijaribiwa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 600 wa Parkinson, na jaribio likasimamishwa kwa kukosa faida.

Dawa iliyopo, levodopa, haiponyi Parkinson, lakini humrudishia mgonjwa mwendo. Hata hivyo, utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta wagonjwa wengi hawajawahi kutambuliwa. Mzee wako akianza kutetemeka na kuburuta miguu, usiseme ni umri wala karogwa. Mpeleke hospitali.