Sura ya Tano: Dawa ya Asiyekohoa

"Huna kifua kikuu, dawa yake ya nini?" Jibu hili limewarudisha nyumbani mikono mitupu watu wanaoishi na VVU waliofika kliniki ya huduma na tiba ya VVU (CTC) kuulizia tiba kinga. Lina sura ya busara, lakini si sahihi. Dawa hii, isoniazidi, imekusudiwa huyo huyo asiyeumwa.

Bakteria wa kifua kikuu huweza kulala mwilini miaka mingi, bila kikohozi wala homa. Kinga ikishuka, wanaamka. Isoniazidi ya kila siku kwa miezi 6 hupunguza uwezekano wa wao kuamka. Utafiti wa Temprano, uliofanyika Ivory Coast kwa watu 2,056 wenye VVU, ulionyesha mwaka 2017 kuwa vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 37 kwa waliopewa isoniazidi, na faida hiyo haikutegemea kama mtu alianza ARV mapema au la.

Kwa hiyo usiishie kusema "naomba dawa". Taja mwenyewe maswali manne ya uchunguzi wa kifua kikuu: unakohoa, una homa, umepungua uzito, unatoka jasho usiku? Kama yote ni hapana, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 haulazimishi kipimo cha ngozi kwanza. Kama hata moja ni ndiyo, wewe ndiye udai kupimwa makohozi, kwa sababu isoniazidi peke yake kwa mtu anayeumwa tayari huzaa usugu. Hofu ya usugu inafaa hapo. Kwa aliyechunguzwa vizuri haina msingi.

Usifiche homa ya ini wala pombe. Omba na vitamini B6, maana isoniazidi huipunguza mwilini, ndipo miguu hufa ganzi. Macho yakiwa ya manjano, acha dawa urudi kliniki siku hiyo hiyo.

Ukikataliwa, uliza sababu na uombe iandikwe kwenye faili. Dawa zikiwa zimeisha stoo, uliza zinakuja lini. Sababu isipoeleweka, nenda kwa mganga mfawidhi, ukiweza na mwenzako wa kikundi. Najua ilivyo vigumu kumhoji daktari aliyekuinua kitandani, lakini kuuliza si kumvunjia heshima.

Siku ya kuchukua ARV, kabla hujaondoka dirishani, sema: "Dokta, mimi nimeshapata tiba kinga ya kifua kikuu? Nionyeshe ilipoandikwa kwenye kadi yangu."