Uchawi wa Mezani na Masharti Yake

Wachezaji wa Dungeons & Dragons hukutana jioni, aghalabu watu wanne hadi sita, wakaizunguka meza yenye karatasi, penseli, vitafunio na dadu za kila umbo, kuanzia yenye nyuso nne hadi yenye nyuso ishirini. Mmoja ni msimamizi. Yeye ndiye msimuliaji: pango lina giza, mlinzi amesinzia, mnafanyaje? Wengine kila mtu ana mhusika wake, anamsemea na kumwamulia. Dadu za mtu hazishikwi ovyo, maana wapo wanaoamini kabisa kwamba mkono wa mwingine unaziondolea bahati. Lakini desturi ninayoipenda kuliko zote katika jamii hii ni ya kujitungia kanuni za uchawi.

Mcheza karata wa kwetu hatashangaa. Kila kijiwe kina sheria zake, na mgeni huambiwa kabla hajagawiwa karata.

Mchezo wenyewe ulilelewa na desturi hiyo. Gary Gygax wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, na Dave Arneson wa jimbo jirani la Minnesota walipoutoa mwaka 1974, ulikuwa vijitabu vitatu ndani ya boksi, toleo la kwanza nakala 1,000, na mwishoni wasomaji walihimizwa wajitungie wenyewe yaliyobaki. Uchawi wake uliazimwa kwa Jack Vance. Katika kitabu chake The Dying Earth cha mwaka 1950, wachawi huhifadhi manuizo kichwani kwa taabu kubwa, na nuizo likishatamkwa linafutika mpaka lisomwe upya. Basi mchawi anayeanza alipewa nuizo moja tu kwa siku. Akilitumia mlangoni mwa pango, huko ndani anabaki na kisu chake.

Wengi hawakuridhika. Mwaka 1975 kundi la Caltech, chuo cha huko California, lilichapisha kanuni zake: mchawi awe na akiba ya pointi, azitumie apendavyo hadi ziishe. Mwaka huohuo Lee Gold wa Los Angeles alianzisha Alarums & Excursions, jarida ambalo kila mchangiaji aliliandikia kurasa zake mwenyewe, na humo watu wa miji mbalimbali wakabishana mwezi baada ya mwezi. Gygax aliutetea mfumo wake kwa maandishi mwaka 1976, lakini ubishi haukuisha. Mwaka 1987 ukatoka mchezo wa Ars Magica, ambao kwangu ndio uliofika mbali zaidi. Una vitenzi vitano na majina kumi ya Kilatini, na mchawi huunga nuizo lake kama mtu anavyounga sentensi: kuumba na moto, kuharibu na maji, kutawala na mnyama.

Kutunga maajabu si kazi ngumu. Kila mtu anaweza kusema mchawi wake anaruka au anawasha moto kwa kidole. Kazi ni bei. Mganga hatoi dawa bila masharti, na kanuni ya uchawi isiyo na masharti huua mchezo: mwenye upanga anakaa kimya usiku kucha akimtazama mwenzake anayemaliza kila tatizo kwa neno moja.

Tuseme msimamizi ametunga kwamba kila nuizo linamla mchawi uhai, kiasi cha dadu moja ya nyuso sita. Mchawi ana pointi 8 za uhai. Nuizo la kwanza haliwezi kumwangusha. Je, la pili? Njia za kuangukia dadu mbili ni 36, na katika hizo 15 zinafikisha 8 au zaidi, yaani karibu mara mbili katika kila tano mchawi anadondoka yeye. Ukimtazama mchezaji wakati huo utamwona ameikamata dadu ngumini, hairushi, anawaangalia wenzake waliozingirwa. Kusita huko ndiko msimamizi alikokuwa akikutafuta. Kusita kukizidi, mchezaji anaacha uchawi kabisa na kanuni imeshindwa. Ndiyo maana meza zenye uzoefu huijaribu kanuni mpya kwa vikao viwili vitatu, kisha wakakaa kuizungumza.

Hapo ndipo adabu ya jamii hii inapoonekana. Kanuni haibadilishwi katikati ya vita ili kumwokoa mtu au kumkomoa. Likizuka jambo, msimamizi anaamua kwa usiku ule, na mjadala unasubiri mchezo uishe. Na aliyemjenga mhusika wake kwa kutegemea kanuni iliyofutwa huruhusiwa kumjenga upya, kwa sababu hakukosa yeye.

Kwa hiyo nawaomba wasimamizi wapya: msianze na kitabu kizima. Andikeni ukurasa mmoja, uchawi unafanya nini, unagharimu nini na ni lipi hauwezi kabisa. Wasomeeni wenzenu ukurasa huo kabla hawajachagua wahusika, na mwenye pingamizi asikilizwe siku hiyohiyo.