Je, Wajua? Sikukuu Ilipokuwa na Ratiba Yake ya Runinga

Je, wajua kwamba hadi Januari 1972 serikali ya Uingereza ndiyo iliyopanga vituo vya televisheni virushe matangazo kwa saa ngapi? Siku za kazi skrini ilikaa tupu sehemu kubwa ya mchana, kwa amri. Sikukuu zilipewa saa za ziada, hivyo mtoto wa miaka ile aliijua Krismasi au Jumatatu ya Pasaka kwa ishara ambayo mtoto wa leo hawezi hata kuifikiria: runinga imeanza asubuhi. Hapo ndipo ilipopata nguvu desturi ya ratiba maalumu ya sikukuu. Waingereza waliitunza kwa miongo kadhaa, na mimi ni miongoni mwa wanaosikitika kuiona ikimalizika.

Desturi hiyo ilikuwa na heshima yake hata nyakati za dhiki. Desemba 1973, nishati ilipoadimika kwa sababu ya mgogoro wa makaa ya mawe na mafuta, vituo viliamriwa kufunga saa nne na nusu usiku ili kuokoa umeme. Krismasi na Mwaka Mpya zilipofika, amri ikasimamishwa. Sikukuu zilipopita, ikarudi.

Je, wajua kwa nini hotuba ya Krismasi ya mfalme husikika saa tisa alasiri? Mwaka 1932 Mfalme George wa Tano alizungumza redioni kwa maneno aliyoandikiwa na mwandishi Rudyard Kipling, na saa hiyo ilichaguliwa kwa kuwa ndiyo iliyofaa zaidi kuyafikia makoloni mengi kwa masafa mafupi. Malkia Elizabeth wa Pili aliingia kwenye runinga kwa hotuba hiyo mwaka 1957, mubashara kutoka Sandringham. Himaya imekwisha, masafa mafupi karibu yamesahaulika, lakini saa tisa haijaguswa.

Ratiba yenyewe ilikuwa bidhaa. Jarida la Radio Times, lililoanza Septemba 1923, lilichapisha vipindi vya BBC tu. Vya ITV, kituo shindani, vilikuwa katika jarida jingine, TV Times. Ruhusa ya jarida moja kuchapisha ratiba za vituo vyote kwa wiki nzima ilipatikana Machi 1991. Kabla ya hapo, mwenye kutaka kujua Krismasi yote ina nini alinunua majarida mawili, akakaa na kalamu na kuzungushia duara vipindi alivyovitaka. Toleo la Krismasi la Radio Times la mwaka 1988 liliuza nakala zaidi ya milioni 11. Hebu pima uzito wa idadi hiyo: nchi yenye watu wapatao milioni 57, na mamilioni yao wananunua orodha ya vipindi kabla ya kununua kuku wa sikukuu.

Filamu nazo zilisubiriwa. Kabla kanda za video hazijaenea, filamu iliyotoka sinema ilichukua miaka kufika sebuleni. The Sound of Music ilianza kuonyeshwa kwenye kumbi mwaka 1965. BBC iliirusha mara ya kwanza Krismasi ya 1978. Miaka 13! Aliyeikosa saa hiyo alikuwa ameikosa kweli, na sikukuu zilipokwisha hakuwa na la kuchangia kazini.

Kuhusu idadi ya watazamaji, tuwe waangalifu. Inasemwa mara nyingi kwamba wachekeshaji Morecambe na Wise walitazamwa na watu milioni 28 Krismasi ya 1977. Hayo yalikuwa makadirio ya BBC. Chombo kingine cha upimaji, kilichotumiwa na ITV, kilipata milioni 21 na ushei. Vipimo viwili, nchi moja, usiku mmoja. Ndiyo maana mwaka 1981 pande zote zilianza kupimwa na shirika moja, BARB. Rekodi isiyo na mpinzani kwa tamthilia ni ya EastEnders, tarehe 25 Desemba 1986: Den Watts anamkabidhi mkewe Angie hati za talaka siku ya Krismasi. Ukijumlisha na walioangalia marudio, watazamaji walizidi milioni 30. Zaidi ya nusu ya taifa waliijua talaka ile.

Wahandisi wa umeme waliisoma ratiba kwa makini kuliko mtu yeyote. Kipindi kikubwa kinapokwisha, mamilioni ya watu huinuka kwa pamoja na kuwasha birika la chai, na mahitaji ya umeme hupanda ghafla. Tukio linalotajwa zaidi halikuwa la sikukuu: Julai 1990, baada ya nusu fainali ya Kombe la Dunia kati ya England na Ujerumani Magharibi, mahitaji yaliruka kwa megawati 2,800. Kituo cha Dinorwig huko Wales, kilichochimbwa ndani ya mlima, kinafaa sana kwa kazi kama hiyo; mashine zake zikiwa tayari zinazunguka, hufika megawati 1,320 kwa sekunde 12 hivi.

Basi nini kiliiua ratiba ya sikukuu? Si kwamba watu wameacha kukaa nyumbani. Hadi leo treni za kawaida hazitembei Uingereza siku ya Krismasi, na sheria ya mwaka 2004 inayakataza maduka makubwa ya England na Wales kufungua siku hiyo. Watu wapo, wamejaa sebuleni. Kilichobadilika ni wingi wa vya kutazama. Mwaka 1981 chaneli zilikuwa tatu. Ya nne ilikuja 1982, satelaiti ikafuata mwaka 1989, kisha mamia. BBC yenyewe ilizindua rasmi huduma yake ya kutazama kwa wakati wako, iPlayer, siku ya Krismasi ya mwaka 2007. Kati ya siku zote 365, ikachaguliwa ile ile!

Sikukuu ndogo ndizo zilizoumia kwanza. Jumatatu za mapumziko za Mei na Agosti, ambazo zamani zilijaa filamu kubwa na michezo, sasa ratiba yake ni vigumu kuitofautisha na ya Jumatatu yoyote. Boxing Day, sikukuu ambayo Kenya na Tanzania ziliirithi kutoka huko huko, bado inajitahidi.

Ninalolililia hasa ni kazi ya mpangaji wa ratiba. Alipaswa kufikiria chumba kimoja chenye bibi, shemeji asiyependa mpira, vijana waliochoka na mtoto wa miaka sita, akatafuta kitu ambacho wote wangekikalia. Mara nyingine alikosea, lakini aliwawaza wote pamoja. Programu za leo humpendekezea kila mmoja chake, kwenye simu yake.

Na hamu ya kutazama pamoja haijafa. Krismasi ya 2023, iliyoongoza kwa watazamaji ilikuwa hotuba ya Mfalme Charles, ikiwa na milioni 7 na ushei kwa kujumlisha chaneli zilizoirusha. Mwaka mmoja baadaye BBC ilirusha sehemu ya mwisho ya tamthilia ya vichekesho Gavin & Stacey, na zaidi ya milioni 12 waliitazama usiku ule ule. Wiki moja baadaye hesabu ilikuwa imepita milioni 18. Mamilioni waliiona siku nyingine, lakini wale milioni 12 walikuwa na uhuru wote wa kuahirisha, wakachagua kuketi na wenzao saa ile ile.