Mashujaa wa Sinema Wanapoota Mvi

Jumamosi moja ya muhula wa pili nilialikwa na walezi wa chama cha Kiswahili katika shule moja ya upili ya bweni, nizungumze na wanafunzi kuhusu uandishi wa magazetini. Mazungumzo yalikwisha salama. Baada ya chakula cha jioni, meza za bwalo zilisukumwa kando, kitambaa cheupe kikatundikwa ukutani, na wanafunzi wakaonyeshwa filamu ya mapigano. Nami nikabaki, kwa kuwa sikuwa na gari la kunirudisha mjini usiku ule.

Nilitarajia kumwona kijana mwenye kifua kipana akirusha mateke. La hasha! Aliyejitokeza alikuwa mzee mwenye ndevu za mvi na uso uliokunjamana mithili ya ganda la mti, kavaa kaptura, na kijimfuko kakifunga kiunoni kama mtalii aliyepotea njia. Bwalo zima liliangua kicheko. Dakika chache baadaye mzee huyo aliwatandika vijana wawili ndani ya basi, na kicheko kikageuka mayowe ya shangwe. Mvulana aliyeketi nyuma yangu akamwuliza mwenziwe, "Kwani huyu babu hajastaafu?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Filamu yenyewe ni Bad Ass, iliyoongozwa na Craig Moss na kutolewa mwaka wa 2012. Adabu ya ukurasa huu hainiruhusu kulifasiri jina hilo neno kwa neno. Yatosha kusema kwamba ni sifa ya mtu asiyechezewa. Ilifuatwa na Bad Asses mwaka wa 2014, na Bad Asses on the Bayou mwaka wa 2015. Ni filamu za bei nafuu, za kuchekesha na kupigana kwa wakati mmoja, ambazo wahakiki wa magazeti makubwa ya Marekani hawakuona haja ya kuzipa nafasi kubwa. Hata hivyo, aghalabu vitu vinavyodharauliwa na wahakiki ndivyo vinavyotazamwa mabwaloni na katika vibanda vya video, na mwalimu asiyevijua hataelewa wanafunzi wake wanazungumza nini wakitoka huko.

Kisa kilianza kwa jambo la kweli. Mwezi wa Februari mwaka wa 2010, katika basi moja la abiria mjini Oakland, California, mzee wa miaka 67 aligombana na abiria mwenzake, wakapigana, na mtu mmoja akawapiga picha za video. Kanda hiyo ilienea kote duniani kwa siku chache. Atakayeitazama leo kwa utulivu ataona ugomvi mchafu: maneno ya ovyo, tuhuma za ubaguzi wa rangi, damu puani, na watu wawili ambao hakuna kati yao awezaye kuitwa mwema bila kusitasita. Watengenezaji wa filamu wakalichukua tukio hilo, wakalifua, wakalipiga pasi. Katika filamu, mzee Frank Vega, aliyepigana vita vya Vietnam, anasimama kumtetea mzee mwingine, Mwafrika, anayesumbuliwa na vijana wawili wenye vichwa vilivyonyolewa na chuki ya rangi mioyoni. Dhuluma ikawa upande mmoja, haki upande wa pili. Naomba walimu wa fasihi wailinganishe kanda ile na onyesho hili mbele ya wanafunzi wao. Sijui mfano mwingine unaoonyesha kwa wepesi namna hiyo jinsi ugomvi wa mtaani unavyogeuzwa ngano.

Mwigizaji wa Vega ni Danny Trejo, aliyezaliwa mwaka wa 1944. Filamu ilipotolewa alikuwa na miaka 67, umri ule ule wa mzee wa Oakland. Makunyanzi yake si ya kupakwa rangi. Ujana wake ulipita katika magereza ya California, likiwamo lile la San Quentin ambako alikuwa bingwa wa ndondi miongoni mwa wafungwa. Aliacha dawa za kulevya, akafunguliwa mwaka wa 1969, na baadaye akaanza kuwashauri wengine waliotaka kuziacha. Ni kazi hiyo ya ushauri iliyomfikisha mahali filamu ya Runaway Train, iliyotolewa mwaka wa 1985, ilipokuwa ikitengenezwa. Alikwenda kumsaidia mtu aliyekuwa akishindana na uraibu, akatambuliwa na mwandishi Edward Bunker aliyekuwa amefungwa pamoja naye, na akaajiriwa kumfundisha ndondi mwigizaji Eric Roberts. Kwa hiyo aliingia katika sinema kwa mlango wa ualimu, naye alikuwa amekwisha kupita miaka arobaini.

Kuhusu unafuu wa filamu hizi, mfano mmoja watosha. Sehemu ya kwanza inamalizika kwa mbio za mabasi yanayogongana na kubomoa kila kitu njiani. Sehemu kubwa ya picha hizo haikupigwa kwa ajili ya filamu hii. Ilichukuliwa kutoka Red Heat, filamu ya Arnold Schwarzenegger ya mwaka wa 1988. Wapishi wetu wa shule, wanaojua kuufanya muthokoi wa jana uwe chakula cha leo, wangewaelewa watu hawa.

Lakini umaskini una uaminifu wake. Katika Taken 3, filamu ya fedha nyingi iliyoanza kuonyeshwa mwishoni mwa mwaka wa 2014, Liam Neeson mwenye miaka 62 anaruka ua wa waya. Tendo hilo la sekunde chache limekatwakatwa vipande zaidi ya kumi, ili mtazamaji asipate nafasi ya kuona kwamba mwenye kuruka ni mtu mzima. Fedha zimetumika kuuficha uzee. Vega na wenziwe hawana fedha za kuuficha, basi wameufanya ndio mchezo: wanahema, wanashika viuno, wanachekwa na vijana, kisha wanapiga. Mimi nauchagua ukweli huu wa rahisi kuliko ule uongo wa ghali.

Sehemu ya pili inamleta Danny Glover, akiwa Bernie Pope, mwenye duka la pombe asiyependa kutoka nje. Wasomaji wa umri wangu watamkumbuka Glover katika Lethal Weapon ya mwaka wa 1987, akiwa polisi Murtaugh anayetimiza miaka hamsini na kulalama kwamba kazi imemzidi umri. Ajabu ni kwamba wakati huo Glover mwenyewe alikuwa na miaka 40 tu. Mwaka huo huo aliigiza Nelson Mandela katika filamu ya televisheni, Mandela wa kweli akiwa bado gerezani. Alilipwa ajifanye mzee. Miaka 27 baadaye hakuhitaji kujifanya. Malalamiko yale ya Murtaugh, ambayo zamani yalikuwa mzaha, katika Bad Asses yanasikika kama taarifa. Sehemu ya tatu, iliyohamishiwa Louisiana kwenye harusi ya rafiki anayetekwa nyara, ni dhaifu, wala sitaitetea.

Nina lalamiko zito zaidi. Rafiki yake Vega anauawa, polisi hawajishughulishi, naye anaanza kuwasaka wauaji mwenyewe. Katika onyesho moja anautia mkono wa mtu katika mashine ya kusagia mabaki ya chakula, ili amlazimishe kusema. Bwalo lilishangilia. Mimi sikushangilia. Sisi tunaishi mahali ambapo ukelele wa "mwizi!" waweza kumtoa mtu roho kabla haijajulikana kama aliiba kweli. Mtazamaji anamjua mwovu kwa kuwa mwongozaji amekwisha kumwonyesha. Umati wa sokoni hauna mwongozaji wa kuuonyesha. Nilimweleza hivyo mlezi wa chama, akanijibu kwamba vijana wanajua ni mchezo. Sina hakika kama sote wazima tunajua.

Nirudi kwa yule mvulana na swali lake. Kabla ya basi, Vega ni nani? Ni askari aliyerudi kutoka vitani akakuta milango ya kazi imefungwa, akaishia kuuza soseji kwa mkokoteni miaka nenda miaka rudi, kama vijana wetu wafanyavyo karibu na vituo vya matatu. Jirani hamtazami mara mbili. Inabidi apigane, tena mbele ya kamera, ndipo ajulikane kuwa yupo. Hapa kwetu mtumishi wa umma hustaafu akiwa na miaka 60. Kabla ya mwaka wa 2009 ilikuwa 55. Namjua mwalimu mmoja wa hisabati aliyestaafu, akawa anakwenda afisi moja kila mwezi kuuliza malipo yake, na kila mwezi karani kijana, pengine aliyefundishwa kugawanya na mwalimu kama yeye, akimwambia, "Mzee, rudi wiki ijayo." Hakuna aliyempiga picha.

Asubuhi yake mlezi aliniambia kwamba wanafunzi wameomba sehemu ya pili. Nilimshauri awaonyeshe, lakini kwanza kila mmoja aandike ukurasa mmoja kuhusu mzee anayemwona kila siku na asiyejua alifanya kazi gani ujanani. Alinitumia baadhi ya insha hizo. Nyingi ni za mababu na mabibi. Moja ni ya bawabu wa usiku wa shule hiyo hiyo, ambaye kwa maelezo ya mwandishi alikuwa baharia, akafika bandari nyingi kabla ya kuja kulinda lango la wavulana. Nimemwandikia mlezi nikimwomba amwulize mzee huyo kama ni kweli, na jina lake ni nani, kwa kuwa mwanafunzi hakulitaja. Bado nasubiri jibu.